Mama Desini na Bus ya Kwenye Karatasi

Kwa miaka kumi na mmoja meza yangu na meza ya Mama Desini zilitazamana, na kwa muda wote huo sikumsikia akimsifu mkubwa yeyote wa ofisi yetu isipokuwa mmoja, na huyo alimsifu akiwa amelala. Nilikuwa nataka kumwamsha shefu aweke sahihi yake mahali fulani.

"Umuache," aliniambia. "Muntu mwenye kulala hasaini kitu. Leo mji itapumuzika."

Tulifanya kazi katika ofisi ndogo ya mipango ya mji, ghorofa ya pili, katikati ya Lubumbashi, dirisha likitazama mjakaranda mmoja na vibanda vya kuuza vocha za simu. Yeye alichora ramani, mimi niliandika ripoti za kuzisindikiza. Kazi yake kwa Kifaransa ni desinatrisi, basi wafagiaji wakamwita Mama Desini, na wakubwa wakafuata wafagiaji kama kawaida. Mimi aliniita mudogo, ingawa nilikuwa na watoto watano na kipara. Nami nilimwita yaya, kama mtu anavyomwita dada mkubwa ambaye hajawahi kumshinda kwa maneno.

Alikozaliwa sitakusimulia. Aliwahi kunipa habari tatu tofauti kuhusu jambo hilo, zote kwa uso uleule.

Bora nianze na miguu yake, maana aliitumia kuliko mtu yeyote pale ofisini. Kila asubuhi alitoka kwake Kamalondo kwa miguu, amevaa kikwembe kizuri juu na raba za mwanafunzi chini, viatu vya visigino amevitia katika mfuko wa plastiki. Mlangoni mwa ofisi alibadilisha, akapanda ngazi kama balozi. Kiangazi raba zilikuwa nyekundu kwa vumbi. Masika zilikuwa nyekundu kwa tope. Njiani aliokota habari. Alijua mfereji upi umeziba, ukuta wa nani umeisogelea barabara tangu wiki iliyopita, mama gani muuza ndizi amefukuzwa kituoni na amehamia wapi. Mainjinia walikuja mkutanoni na picha zilizopigwa kutoka angani. Wakishamaliza kuzieleza, yeye alisema taratibu, "Hapo kwenye unasema njia, Papa Injinia, sasa iko choo," na kila mtu alijua kwamba ni kweli.

"Bale balichora hii mji," alipenda kusema, "hata moja habakubeba ndoo ya mayi."

Magari aliyadharau. Gari, kwake, ni kabati yenye kiburi: inameza mtu mmoja, inachukua nafasi ya watu kumi, kisha inapiga honi. Kuta alizichukia zaidi. Alisema ukuta wa mita tatu mwizi anaupanda bila shida, anayeshindwa ni jirani aliyekuja kuomba chumvi. Na alikuwa na kipimo chake mwenyewe cha kupima mtaa, ambacho hakimo katika kitabu chochote cha mainjinia. Alikiita kipimo cha bukari, yaani ugali. Ukiteremka kwenye bus, ukanunua bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa mama wa kituoni, ukatembea mpaka nyumbani, na bukari ikafika mezani ikiwa bado moto, basi huo ni mtaa. Ikifika baridi, ni kambi. Ikiwa hakuna bus wala mama wa bukari, "ile ni pori, hata kama beko na burgumestre," yaani mkuu wa wilaya.

Ramani zake zilikuwa nzuri mno. Wengine walichora vijisanduku na mistari; yeye aliweka watu. Pembeni mwa njia utamkuta mwanamke mwenye beseni kichwani, wazee wawili wakicheza dama, fundi baiskeli na pampu yake. Siku moja, kwenye plani ya makao mapya ya mkubwa mmoja, alichora mbwa mdogo sana, wa kuonekana kwa miwani tu, ameinua mguu kwenye ukuta wa mkubwa huyo. Shefu alisaini. Mkubwa mwenyewe alisaini. Mhuri ukapigwa, plani ikaingia makabatini, na Mama Desini akala chakula chake cha mchana kwa hamu kubwa.

Usidhani alikuwa mtakatifu wa mitaa. Mtu aliyehubiri kwamba watu wakae karibu karibu hakuweza kuwavumilia majirani wake hata siku tatu mfululizo. Nyuma ya ukuta wake kulikuwa na kikundi cha maombi chenye kipaza sauti, na aliwahi kuwaambia, kwa unyenyekevu mwingi, kwamba Mungu si kiziwi ila atakuwa karibuni. Na Jumapili, mpwa wake alipokuja kumpeleka misani kwa gari, alikaa mbele, akapandisha kioo mpaka juu, akapungia watu mkono kama askofu. Nilipomkumbusha habari za kabati yenye kiburi alinitazama kwa huruma.

"Mudogo, kiburi ya siku moja kwa juma haiuwe muntu."

Sasa nifike kwenye jambo lililomfanya aondoke.

Nyuma ya kituo kikubwa cha bus kulikuwa na kartiye, yaani mtaa, tuliyoiita Magunia, kwa sababu wanawake wa huko walishona magunia ya makala, yaani mkaa. Nyumba zilikuwa duni, nyingine za matofali mabichi, lakini wakaaji wake walifika kazini kwa miguu: wafagiaji wa hospitali, waashi, wauza mboga, walinzi. Aliyekuwa na kazi ya mbali alipanda bus moja tu. Siku moja ikaja amri kutoka juu: Magunia ivunjwe, pajengwe maduka na uwanja wa kuegesha magari. Wakaaji wangepewa parsele, viwanja vya kujenga, kule mbugani, ng'ambo ya dembo, lile bonde linalojaa maji masika yote. Bure kabisa. Kila familia na karatasi yake.

Wengi ofisini waliona ni jambo jema. Hata mimi. Nilisema, "Yaya, kiwanja cha bure, tena kikubwa, mtu atalalamika nini?"

"Parsele ya bule njo inapitaka yote kwa bei," alinijibu bila kuinua kichwa. "Nyumba haulipaka siku moja, mudogo. Unalipaka kila asubuhi, mulango ya bus ikifunguka. Na kama bus haiko, unalipa na miguu, kisha na kazi."

Wageni waliotakiwa kutoa fedha za mradi walikuwa wameuliza swali moja: watu hao watafikaje mjini? Shefu hakuwa na jibu, kwa hiyo akaagiza jibu lichorwe. Alikuja mezani kwetu, akaweka kidole juu ya ramani, akakivuta kutoka mbugani mpaka katikati ya mji.

"Mama Desini, hapa unitilie bus. Mustari mwekundu. Na we," akanigeukia, "andika inapita kila robo saa."

"Bus ya nani, Shefu?"

"Itakuya. Projet kwanza, bus kisha."

Nilitegemea amcheke. Hakucheka. Alifunika kalamu zake moja moja, akachukua mfuko wake, akatoka. Nilimfuata mpaka kwa mama mmoja auzaye munkoyo, kinywaji cha mahindi, chini ya mjakaranda, na nilimkuta amekaa na kikombe asichokinywa. Hapo ndipo aliponiambia habari za mdogo wake.

Zamani, kabla sijafika ofisini, aliwahi kuchora mstari mwekundu wa namna hiyohiyo, kwa mtaa mwingine wa mbali. Mdogo wake alikuwa amepanga chumba Kamalondo, nyumba mbili kutoka kwake, na alifua mashuka katika hospitali moja; alikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Alitamani nyumba yake mwenyewe. Akaja kuuliza, "Yaya, kweli bus itafika kule?" Mama Desini akafungua plani mbele yake, akamwonyesha. Mdogo akanunua kiwanja, akajenga vyumba viwili. Bus haikufika. Mwanzoni aliamka kabla ya jogoo. Kisha akaanza kuchelewa. Kisha wakampa barua ya kumwachisha kazi. Tangu hapo wale dada wawili hawakuwa wamesemeshana, hata kwenye matanga ya mama yao, ambapo kila mmoja alilia upande wake wa uwanja.

"Sikumudanganya na kinywa," alisema. "Nilimuonyesha plani. Njo bubaya zaidi. Kinywa angekatala. Plani yangu aliamini."

Alikunywa munkoyo yake yote kwa mkupuo, akarudi ofisini, akachora mstari mwekundu kama alivyoagizwa.

Nakiri nilimdharau siku hiyo. Niliwaza: basi, naye ni kama sisi. Nikaandika "kila robo saa" na nafsi yangu ikatulia.

Wageni walikuja, mama mmoja mwenye kofia pana na bwana mmoja aliyeandika kila kitu. Mama Desini aliwaeleza ramani kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona kwake. Alipomaliza, mama wa kofia aliomba kukiona kiwanja chenyewe, na shefu akaita madereva.

"Mais non, hapana Shefu," akasema Mama Desini kwa sauti ya asali. "Bageni banapenda kujua namna bantu batatembea. Twende na bus. Si iko hapa?" Akagonga mstari mwekundu kwa kucha.

Mama wa kofia alifurahi sana. Kisha akanigeukia mimi. "Ni wewe uliyeandika ripoti? Inapita kila robo saa?"

"Mara nyingine inachelewa, Mama," nikasema.

Tukateremka kituoni, watu saba pamoja na mainjinia wawili, tukasimama juani. Robo saa ikapita. Ikapita nyingine. Shefu alijitenga na simu yake, akawa anazungumza huku amejifunika mdomo kwa mkono. Bwana mwandishi aliandika. Wauza mayai walitutazama, maana tai na kofia kama zile hazisimami kituoni. Saa nzima ilipokaribia kwisha, ikatokea minibus ya kanisa fulani, imeandikwa mbele kwa herufi kubwa YESU ANAKUJA. Shefu akapumua.

"Hiyo njo yenyewe!" akasema.

Mama Desini akasoma kwa sauti. "Yesu anakuja. Lakini bus ya kila robo saa, yeye, sijue."

Tukapanda. Dereva, kijana mpole mwenye suti nyeusi, hakuwa ameambiwa kitu ila kwamba kuna watu wa heshima wanaomhitaji haraka, na kazi yake ya kawaida ilikuwa kubeba maiti na wafiwa. Akageuza shingo, akauliza kwa sauti ya pole: "Marehemu eko wapi?"

Mama Desini akamwonyesha shefu kwa kidevu. "Njo huyu. Lakini anatembea bado."

Bwana mwandishi aliacha kuandika. Nilisikia mama wa kofia akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Lami ikaisha, ikaja changarawe, changarawe ikaisha, tukafika dembo. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Minibus iliingia maji, ikanguruma, ikakaa kimya. Dereva akaanza kusali. Sisi wengine tukavua viatu. Mama Desini pekee alikuwa tayari, amevaa raba zake, na alitangulia mbele bila kutuambia neno lolote, wala dhihaka, wala methali. Hilo ndilo lililotutisha. Tulitembea muda mrefu sana. Njiani tulipishana na mwanamke mmoja aliyebeba kuni, akatusalimu, akatupa pole kwa msiba, maana aliiona kwa mbali ile minibus ya maiti.

Kiwanja kilikuwa majani na vigingi. Mama wa kofia alisimama katikati, tope mpaka magotini, akageuka pande zote nne.

"Mtu anayefagia hospitali," akauliza, "ili afike kazini asubuhi, anatoka hapa saa ngapi?"

Shefu akatazama simu yake. Mimi nikatazama vigingi.

"Jana," akasema Mama Desini.

Mambo yaliishia hivi. Fedha zilizuiwa mpaka plani ibadilishwe, na kwa wiki kadhaa Mama Desini alikaa Magunia kwenyewe, juu ya gunia, karatasi magotini, wanawake wamemzunguka na kubishana naye. Walichora vichochoro vya miguu visivyoingia gari, nyumba zilizoegemeana zenye chumba cha kupangisha juu, bomba la maji, soko dogo kando ya kituo. Nusu ya Magunia ilibaki na ikajengwa hivyo. Nusu nyingine ilivunjwa kama ilivyotakiwa, na leo ni maduka yenye ukuta wa mita tatu. Familia zilizovunjiwa zilipelekwa mbugani, nyingine zikauza karatasi zao na kutawanyika. Kwa hiyo hakushinda. Hakushindwa pia. Shefu, bila shaka, alipandishwa cheo.

Lakini kabla ya kupandishwa alitaka kosa la bus lipate mwenyewe. Aliniita, akanipa kalamu. Niliandika barua ukurasa mmoja, kwamba mstari mwekundu ulikuwa wazo la desinatrisi peke yake na mimi niliuamini kwa nia njema. Niliweka sahihi. Nilikuwa na watoto watano, kama nilivyosema. Ni sababu nzuri, na nimeitumia mara nyingi. Mama Desini alipelekwa chumba cha makabati, chini, kusikokuwa na dirisha, kisha akastaafishwa kwa soda na hotuba fupi. Siku ya soda hiyo nilijisingizia malaria.

Ilinichukua miaka mitatu kupata moyo. Kamalondo waliniambia amehama, yuko kwa mdogo wake. Nilidhani wananitania. Nikapanda bus mpaka mwisho wake, nikapanda pikipiki mpaka mwisho wa ujasiri wa dereva, kisha nikatembea na sukari yangu na sabuni zangu, nikiuliza njia.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja juu ya stuli, goti limevimba kama papai, anachagua mawe katika maharagwe. Alikuwa amepungua. Mdogo wake, mwanamke mrefu asiyecheka, alinipa kiti bila kuniuliza mimi ni nani.

"Aaa, Malaria," akasema Mama Desini. "Umepona?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikaanza kusema habari za barua. Akainua mkono.

"Nilisoma. Balinionyesha. Iko na makosa tatu ya Kifaransa. Nikasema, miaka yote hii pamoja na miye, mudogo hajue kuandika uwongo hata ukurasa moja."

"Yaya, naomba unisamehe."

Alichagua mawe mawili, matatu, akayatupa uani. Nikadhani atanitukana, na ningeshukuru. "Miye pia nilisaini zangu," akasema mwishowe. "Sukari umeleta kilo ngapi?" Akamwita mdogo wake, akamwambia huyu atakula. Tulikula, akawatukana viongozi wa mtaa ule wa mdogo wake mmoja mmoja kwa majina, na akanieleza kwa kidole juu ya meza mahali ambapo bus ingegeuzia kama watu wangekuwa na akili. Alikuwa tayari amewapeleka wakaaji mara mbili kwa burgumestre. Yeye alipelekwa juu ya baiskeli, amekaa nyuma kama gunia.

Nilipoaga, mdogo wake alinisindikiza mpaka kwenye mbao za kuvukia dembo la huko. Nilishindwa kujizuia, nikamuuliza ilikuwaje akamsamehe.

Alisimama. "Nani alikuambia nilimusamehe?" Akatazama maji chini ya mbao. "Alikuya siku ya mvua. Alitoka Kamalondo na miguu tu, hii miguu ya kufa, na matela yake ya kulalia juu ya kichwa. Alisimama pa mulango, hakusema kitu. Huyu, hakusema kitu! Muntu akitoka mbali vile na miguu, utamurudisha namna gani?"

Nyuma yetu, kutoka uani, sauti ikapaa, ikiuliza kama katika nyumba hii kumebaki mtu, au wote wameshahamia mjini na kumwachia maharagwe.

"Unasikia?" akasema yule mwanamke. Akavua kandambili zake, akazishika mkononi, akarudi mbio.